Namba Tisa wa Chumba cha Uani

Oktoba 4

Kwa heshima na taadhima naujulisha umma wa nyumba hii, yaani mimi, mke wangu Laurensia na jogoo wetu asiye na adabu, kwamba leo asubuhi kitasa cha chumba cha uani kimetengenezwa. Kazi imefanywa na fundi, imesimamiwa na mimi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kuisifia, nimeisifia mwenyewe. Sababu ya matengenezo ni kwamba tumepata mpangaji.

Tena mpangaji mwenyewe ni mshambuliaji. Korosho Stars, timu yetu ya hapa Kibaha iliyopanda Ligi Kuu mwaka huu kwa namna ambayo hata wachezaji wake hawajaielewa, imemsajili kijana kutoka Malawi. Viongozi wakaona akae kwetu, kwa sababu Laurensia anapika vizuri, na kwa sababu mimi, walisema, "ni mtu mzima mwenye nafasi ya kumwangalia." Wana maana sina kazi. Kazi ninayo. Mimi ni bwana shamba, na huu ndio msimu wa korosho. Kila wiki napanda pikipiki hadi Kisarawe kuwaeleza wakulima mambo wanayoyajua kunishinda.

Kijana anaitwa Limbani Mwenifumbo. Ana miaka ishirini na moja, anatoka Karonga, na Kiswahili anacho kile cha sokoni alichookota kwa watu wa Kyela, upande wetu wa mpaka. Msimu uliopita huko kwao alifunga mabao kumi na tisa. Alishuka na begi moja, akaniona nimesimama mlangoni na upara wangu wote, akaninyooshea ngumi.

"Mambo vipi, mzee?"

Nilimkalisha. Laurensia alijaribu kuniita jikoni mara mbili nikakataa kusikia. Nikamweleza kwamba hapa kwetu mkubwa husalimiwa kwa shikamoo. Ukiona mvi, shikamoo. Ukiona upara, shikamoo. Ndevu zikiwa nyingi, usijiulize maswali, shikamoo. Na ukishaitoa, unasimama mpaka uitikiwe marahaba, humpiti mkubwa kama umepita nguzo ya umeme. Kijana alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akachuchumaa kidogo, kama wanavyofanya kwao, akasema, "Shikamoo, baba."

Nikaitikia. Nilijisikia nimelitumikia taifa.

Oktoba 12

Mechi ya kwanza nyumbani. Tumefungwa moja bila.

Nilikaa jukwaani na Evodius, kinyozi wa Maili Moja na katibu wa tawi letu la mashabiki. Evodius akikunyoa anakuchambulia na mechi, na huwezi kuondoka kwa sababu upande mmoja wa kichwa bado. Leo hakuwa na wembe lakini alinichambulia vilevile.

Limbani alianza kama moto. Mara ya kwanza alipopata mpira alimwacha beki amekaa chini. Halafu yule beki wao wa kati, mtu mwenye kipara kama changu, akamsogelea akamwambia neno. Limbani akamjibu. Tangu hapo, kila mpira ulipokuja, kijana alikuwa nyuma hatua moja, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa ndani.

"Wanaongea nini wale?" Evodius akauliza.

"Labda wanafahamiana."

"Kaja nchini juzi, wamefahamiana lini?"

Oktoba 15

Mvua. Mapema mno. Korosho zimelala chini hazijaokotwa.

Oktoba 20

Ugenini, tumetazama kwenye kibanda cha video. Mbili bila, tumefungwa. Limbani alipata mpira amebaki yeye na kipa na beki mmoja mwenye ndevu. Beki akafungua mdomo. Kijana akasimama kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Mpira ukachukuliwa.

Kibanda kizima kiligeuka kunitazama mimi. Sijui kwa nini. Mimi nampa chumba tu.

Oktoba 23

Mama yake amepiga simu kutoka Karonga. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha mwanawe.

"Baba, anakula?"

"Anakula, mama. Jana kamaliza ugali mpaka mke wangu akapika mwingine."

"Analala?"

"Analala."

"Basi mbona sauti yake imekuwa ndogo?"

Nikasema ni mtandao. Akasema, "Mimi simjui kocha, wala hao viongozi. Nimekuachia wewe."

Tangu hapo nimekwenda uani mara tatu. Laurensia anasema ni maharage. Si maharage.

Novemba 2

Sare, bila bila. Limbani ametolewa kipindi cha pili. Kabla ya kutolewa, aliongea na mabeki wawili tofauti.

Novemba 3

Nilienda kunyolewa, na ninajuta. Evodius alisubiri mpaka nusu ya kichwa iwe tayari.

"Mzee Tele, nitakwambia jambo, usikasirike. Kijana wako anauza mechi."

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima. Kila mechi lazima atete na mabeki. Wanateta nini? Bei ya nyanya?"

"Evodius, yule mtoto ana jozi mbili za viatu na redio ya mkopo. Hela ya kuuza mechi iko wapi?"

"Ndiyo ujanja wenyewe huo! Anaificha."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nusu ya hasira yangu, naandika kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, ilikuwa kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kuwaza hivyo hivyo.

Novemba 9

Tumefungwa. Aliongea na beki.

Novemba 11

Kocha alipita nyumbani. Hakutaka chai, na mtu asiyetaka chai ya Laurensia ana habari mbaya. Dirisha dogo la usajili linafunguliwa Desemba kumi na tano. Kuna mshambuliaji Mkameruni anasubiri. Limbani akifika siku hiyo hana bao hata moja, ataachwa.

"Na kule kwao?" nikauliza.

"Nafasi yake walishampa mwingine. Akirudi, anarudi nyumbani tu."

Nyumbani maana yake ni kumsaidia dada yake kuuza mchele sokoni. Hakuna ubaya wa kuuza mchele. Lakini nilimtazama pale uani, anarusharusha mpira kwa goti huku jogoo anamzunguka kama mwamuzi, nikaona kwamba miguu ile ikirudi na sifuri haitachezea tena timu yoyote. Atakuwa yule aliyekwenda Tanzania akashindwa. Kila kijiji kina mmoja wa hao, na huwa anaitwa hivyo mpaka anazeeka.

Novemba 17

Leo nilijikaza nikamuuliza. Tulikuwa tunamwagilia mchicha, ingawa mvua ilinyesha jana. Nilitaka kisingizio.

"Limbani, mwanangu. Unaongea nini na mabeki?"

"Nasalimiana nao, baba."

"Mnasalimiana tu?"

"Ndiyo, baba."

Akaendelea kumwagilia. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Macho yalikuwa safi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikajisemea, huyu mtoto amejifunza kudanganya, tena amejifunzia nyumbani kwangu.

Novemba 18

Sijala vizuri. Laurensia anasema nimemnunia mtoto wa watu bila kosa. Nimemwambia mambo ya mpira haelewi. Amenipa ugali wa baridi.

Novemba 24

Leo nitaandika sana, na mgongo uniwie radhi.

Ligi imesimama kidogo kupisha timu ya taifa. Mwenyekiti wa Korosho Stars ana shamba la mikorosho Masaki, huko Kisarawe, akapanga mechi ya kirafiki na maveterani wa pale ili wachezaji wanyooshe miguu. Mimi nilikuwa na kikao na wakulima hukohuko, kuhusu korosho zilizolowa. Walinieleza kwamba korosho ikilowa inashuka daraja. Niliwashukuru kwa taarifa.

Uwanja wa Masaki hauna jukwaa. Unasimama kwenye mstari, mpira ukija unaruka. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze nilikuwa karibu kiasi cha kusikia wachezaji wakihema. Upande wa maveterani, beki wa kati alikuwa Mwinjuma, mkulima wangu mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na ushee, tumbo mbele, soksi moja ya bluu na nyingine ya kijani. Nikasema, leo atafunga. Asipomfunga Mwinjuma hatamfunga mtu yeyote duniani.

Dakika ya tano krosi ikaja. Limbani akaruka mbele, njia nyeupe. Mwinjuma hata hakukimbia. Aliweka mikono kiunoni akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa:

"We kijana! Mkubwa unampita hivihivi?"

Na mimi, Telesphory, kwa masikio yangu haya mawili, nikamsikia mshambuliaji wa Ligi Kuu akisema, "Shikamoo, mzee."

Akasimama. Akasubiri.

Mwinjuma akaupiga mpira ukaenda mpaka kwenye mihogo, ndipo akajibu, taratibu kabisa, "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Uwasalimie."

Mabeki wote wa Masaki walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mpira uliofuata, vilevile. Uliofuata, Mwinjuma hakusema kitu, alijishika ndevu tu, na Limbani akapunguza mwendo mwenyewe.

Nilihisi jua limewaka ndani ya kichwa. Upara, mvi, ndevu nyingi: lilikuwa somo langu la Oktoba, neno kwa neno, linatembea uwanjani na jezi namba tisa.

Mechi ilipoisha Mwinjuma alinijia anafuta jasho.

"Bwana shamba, huyu ndiye yule wa Ligi Kuu? Nilisikia kwa mpwa wangu anayecheza Dar. Anasema mabeki wote wanaambiana: yule mdai shikamoo tu, huna haja ya kumkaba. Nikasema uongo, ngoja nijaribu."

"Mwinjuma, unamharibia mtoto maisha."

"Mimi?" Alicheka. "Mimi nimeitikia tu. Mlaumu aliyemlea."

Nilimpakia Limbani kwenye pikipiki. Mvua ilitukuta njiani, tukajibanza barazani kwenye duka lililofungwa, sisi na mbuzi wawili.

"Kwa nini unasimama?" nikamuuliza.

"Ulisema nisimpite mkubwa, baba."

"Uwanjani, Limbani! Uwanjani hakuna mkubwa!"

Akafikiri. "Kwetu yupo kila mahali. Lakini kwetu hatuchezi mpira na wakubwa. Kule mabeki ni wenzangu, vijana tu. Huku ni wazee wana ndevu, na wanakasirika. Nikimpita mtu kanidai shikamoo, miguu inakuwa mizito. Naona kama mama ananitazama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipouliza nilikwambia. Nikasema nasalimiana nao."

Ni kweli. Aliniambia, tena kwa Kiswahili fasaha, mimi nikamtazama macho nikaona mwizi. Mbuzi mmoja alinikodolea macho kama aliyeelewa kila kitu. Nilimwomba kijana radhi pale pale, na akaniambia "usijali, baba" kwa heshima iliyonizidishia maumivu.

Novemba 26

Kufundisha adabu ilichukua nusu saa. Kuiondoa ni kazi nyingine. Leo nimesimama uani nikajifanya beki.

"Nipige kikumbo."

"Siwezi, baba."

"Mimi si baba, mimi ni beki. Shikamoo yangu iko wapi, we mtoto?"

"Shikamoo, baba."

"Usiitoe!"

Laurensia alikuwa anachambua mchele, akalazimika kuuweka ungo chini kwa kicheko. Baada ya majaribio mengi kijana alifumba macho akanipiga bega. Niliamkia bandani kwa kuku. Yeye amemaliza jioni yote akiniomba msamaha na kunikanda na maji ya moto.

Novemba 27

Mgongo.

Novemba 28

Mgongo. Evodius kapita, kauliza kama kijana amenipiga kwa sababu nimegundua siri yake. Nimemwambia ukweli wote wa shikamoo. Hakuamini. Anasema uongo wa namna hiyo hata mtoto hawezi kuutunga. Ndiyo maana ni kweli, nikamwambia. Akasema atalifikiria.

Desemba 7

Leo alimpiga beki kikumbo. Niliruka jukwaani nikasahau mgongo. Kisha akarudi kumwomba radhi kabla hata mwamuzi hajapuliza, na mwamuzi, alipoona mtu anaomba radhi, akapuliza. Faulo. Tumefungwa mbili moja, na hilo moja si lake.

Zimebaki siku saba, na mechi moja.

Desemba 10

Mvua tangu alfajiri. Mama yake amepiga. Nimesema ni mtandao.

Desemba 13

Kesho ndiyo kesho. Tunacheza nyumbani na timu iliyo na Abdulwahab, beki wa miaka thelathini na saba, ndevu mpaka kifuani, mtu anayejulikana nchi nzima kwa kuongea dakika tisini bila kunywa maji. Nilipolitaja jina lake mezani, Limbani aliweka tonge chini.

Nikaanza kumpa nasaha. Nilizungumzia ujasiri, mataifa, simba na mambo mengine. Laurensia alinivumilia kadiri alivyoweza, kisha akanikatiza.

"Baba Tito, hebu pumua. Limbani, mwanangu, ukienda msibani watu wamejaa uani, unawasalimia vipi?"

"Nasimama mlangoni, mama. Nawasalimia wote."

"Ukishaingia, ukimpita mzee ukaenda kuchota maji, unaanza shikamoo upya?"

"Hapana, mama. Nilishasalimia."

"Basi. Kesho, mkiwa mmejipanga kabla ya kuingia, mfuate kila mwenye ndevu umpe shikamoo yake mkononi. Aitikie. Ukishaingia ndani, umeshasalimia."

Kijana akalichukua tonge lake akala.

Nilitaka kuongeza neno kuhusu simba, nikaona halina pa kukaa.

Desemba 14

GOLI! Dakika ya sabini na nane! Nimeliona kwa macho yangu. Shuti la mita ishirini na tano, mguu wa kushoto, kona ya juu, kipa hata hakuruka. Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele nikimpigia kelele "Sasa, Limbani!" na akanisikia, akapiga. Evodius analia kama mtoto. Maili Moja haipitiki. Nimesimulia bao hili mara kumi na kila mara linazidi kuwa zuri. Nimechoka kwa furaha, nitaandika vizuri kesho.

Desemba 16

Nimesoma niliyoandika juzi. Kwa kuwa sasa nimeshapoa, na kwa kuwa Laurensia naye amesoma akaniwekea kalamu mkononi, naandika ilivyokuwa hasa.

Sikuliona goli.

Kabla ya mechi niliona jambo moja tu. Timu zilipokuwa zimejipanga pale mlangoni, Limbani alitoka mstarini akawaendea mabeki wao, mmoja mmoja, akachuchumaa kidogo, akatoa mkono. Wakaitikia wanacheka. Abdulwahab alicheka kuliko wote, akampapasa kichwa. Halafu mechi ikaanza, wakatufunga mapema, na nikashindwa kutazama zaidi. Mapumziko nilitoka nje kutafuta juisi ya miwa na sikurudi. Nilisimama kwa muuza juisi nimeupa uwanja mgongo, nikanywa glasi ambazo sikuzitaka, huku nikitunga nitakachomwambia mama yule wa Karonga. Nilikuwa nimefika kwenye "mama, mpira ndivyo ulivyo," niliposikia kelele. Nikajua tumefungwa la pili. Muuza juisi ndiye aliyenirukia shingoni.

Aliyeliona ni Laurensia, ambaye hajawahi kuingia uwanjani maisha yake yote na alikuja juzi kwa kuwa, alisema, mtu mmoja wa nyumba lazima awe na akili timamu. Hivi ndivyo anavyosimulia, na Limbani amethibitisha.

Hakukuwa na shuti la mita ishirini na tano. Ilikuwa kona. Abdulwahab alimziba Limbani kwa kifua, akamwinamia: "We mtoto, shikamoo yangu?"

Limbani akamwambia, "Nilishakupa mlangoni, mzee."

Akampiga bega. Abdulwahab, ndevu na yote, akakaa chini. Mpira ulimgonga Limbani kwenye paja bila yeye kuutazama, ukagonga nguzo, ukaingia polepole, kama na wenyewe ulikuwa unaomba ruhusa.

Wenzake walimrukia. Alipowatoka, alirudi kumwinua Abdulwahab na kumpangusa tope mgongoni. Mzee yule alikuwa anacheka.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mama mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba. Nimemwuliza Limbani mara mbili kama hakutaja na mtu mwingine. Hakutaja.

Tulitoka sare, moja moja. Kocha amesema Limbani anabaki mpaka mwisho wa msimu. Mkameruni naye anakuja, watagombea nafasi, na huenda kijana wetu akakaa sana benchi. Hiyo ndiyo hesabu yote. Bao ni moja, la paja. Evodius ametangaza saluni kwamba yeye siku zote alisema kijana ni msafi, na wenye vichwa nusu hawakuweza kubisha.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa kibarazani nasubiri chai. Limbani alitoka chumbani, simu sikioni, anaongea na mama yake kwa lugha yao, anacheka, sauti kubwa mpaka jogoo akasogea pembeni. Alinipita mimi, upara wangu na mvi zangu zilizobaki. Hakunisalimia, na nadhani hakuniona kabisa. Akafungua geti, akaenda mazoezini.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Laurensia alisimama dirishani ananitazama, anasubiri.

Nikaufunga.